Boila imezima na nje kuna barafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na tunaoishi Uingereza

Kila mwaka, baridi ya kwanza ikipiga mwezi Novemba, simu yangu huanza kulia. Wanaopiga ni mama wa Kikongo wenye watoto wadogo, vijana wa Kenya waliopanga chumba karibu na chuo, wazee wa Kisomali wa Barawa, wauguzi wa Kitanzania wanaotoka zamu ya usiku na kukuta boila, yaani mtambo unaopasha nyumba na maji, imezima na nyumba ni friji. Maswali yao yanafanana sana, na nimeyakusanya hapa. Sehemu za sheria zinahusu England hasa. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina sheria zao, lakini mambo ya usalama ni yale yale kila mahali.

## Usalama kwanza

1. Nyumba imepoa ghafla. Nianzie wapi?

Anza kwa kunusa. Ukisikia harufu ya gesi, acha kila kitu na usome swali la 2. Kengele ya kaboni monoksaidi (hewa ya sumu isiyo na harufu) ikilia, nenda swali la 4. Kama hakuna hata moja kati ya hayo, una muda wa kukagua mambo machache mwenyewe (swali la 6) kabla ya kumpigia mtu.

Ukishakagua na joto halijarudi, toa taarifa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Hapa ndipo wengi wetu tunapojiumiza. Tumelelewa kuvumilia na kutomsumbua mwenye nyumba, kwa hiyo tunavaa makoti ndani ya nyumba siku nne tukisema labda itarudi. Boila haijitengenezi, na muda wa mwenye nyumba kuwajibika hauanzi kuhesabiwa mpaka ajue.

2. Nasikia harufu ya gesi. Nifanye nini?

Fungua madirisha na milango. Zima gesi kwenye mita: kuna mkono mdogo kwenye bomba, uzungushe mpaka ukae msalaba na bomba. Usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, usivute sigara. Kisha toka nje na watu wako wote, na ukiwa nje piga 0800 111 999. Simu ni ya bure na inapokelewa saa 24. Kwa Ireland ya Kaskazini namba ni 0800 002 001.

Atakayekuja atazuia gesi isivuje, na hakutozi chochote kwa hilo. Kazi yake si kutengeneza boila, kwa hiyo baada yake bado utahitaji fundi (swali la 17).

3. Naweza kuingiza jiko la makaa ndani kwa usiku mmoja tu, dirisha likiwa wazi kidogo?

Hapana. Naomba usome jibu hili lote, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Uite jiko, sigiri au mbabula, makaa yakiwaka yanatoa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Nyumbani tuliambiwa makaa yakishakuwa mekundu na moshi umekwisha, jiko liko tayari kuingia ndani. Moshi kweli umekwisha, lakini sumu ipo na inaendelea kutoka mpaka kaa la mwisho lizime. Ukiivuta inang'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili unakosa hewa wakati mtu anadhani amesinzia tu.

Nyumba nyingi za hapa zimezibwa kuliko nyumba zetu za mabati. Madirisha yana vioo viwili na milango ina mipira pembeni, ili joto lisitoke. Upepo uliokuwa ukitusaidia kule bila sisi kujua, hapa haupo. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi.

Mama mmoja kutoka Uvira alinipigia saa nne usiku, watoto watatu nyumbani, boila imekufa. Akaniuliza swali hili hili. Alikuwa na jiko dogo la kuchomea nyama bustanini na mfuko wa makaa kutoka dukani. Nilimwambia, "Mama, tafadhali liache huko huko nje." Nikakaa naye kwenye simu mpaka alipoburuta magodoro yote hadi chumba kimoja na kuwasha hita ya umeme aliyoazima kwa jirani. Asubuhi walikuwa wamechoka, lakini wote waliamka.

Katazo hilo hilo ni la jiko la gesi la kambi, jiko la nyama la bustanini na jenereta. Hita ya mafuta ya taa na ile ya mtungi wa gesi zinatoa pia mvuke mwingi unaolowesha kuta, na mikataba mingi ya upangaji inazikataza.

4. Nitajuaje kama kuna kaboni monoksaidi ndani?

Kwa macho na pua hutajua. Kinachoweza kukuambia ni kengele yake, na inapatikana madukani kwa takriban paundi 20. Dalili za mwilini ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Watu hudhani ni mafua. Alama kubwa ni kwamba wote nyumbani mnaumwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu. Kwenye mtambo wenyewe, angalia mwali uliogeuka njano badala ya buluu, au masizi meusi karibu na boila.

Ukiwa na shaka, zima boila, fungua madirisha, tokeni nje na mpige 0800 111 999. Kama kuna mtu amezimia au anashindwa kuongea vizuri, piga 999 kwanza.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2022, mwenye nyumba wa England anatakiwa na sheria kuweka kengele hii katika kila chumba kinachotumika kuishi chenye mtambo wa kudumu unaochoma gesi, mafuta au kuni, isipokuwa jiko la gesi la kupikia. Huna? Mwandikie leo.

5. Je, nikiwasha oveni na kuacha mlango wake wazi?

Usifanye hivyo. Oveni ya gesi inarudisha hatari ya swali la 3, na ya umeme inaweza kumuunguza mtoto huku ikikula pesa. Hita ya paundi 30 itapasha chumba vizuri zaidi.

## Mambo ya kukagua mwenyewe

6. Kabla ya kumwita fundi, nikague nini?

Usifungue kifuniko cha boila. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye kibali. Lakini haya unaweza:

Angalia mita. Kama unalipia kabla, kama LUKU au tokeni za kwetu, huenda salio la gesi limekwisha. Ukishajaza, mita nyingine zinataka ubonyeze kitufe ili gesi irudi, na boila nayo huenda ikataka kuwashwa upya. Washa jiko la gesi: likiwaka, gesi ipo.

Angalia themostati ukutani, yaani kile kifaa cha kuchagua joto la nyumba. Kama kioo chake ni cheusi, betri zimekufa. Nimewahi kupanda basi mbili kwenda kwa mzee aliyekaa kwenye baridi siku tatu kwa sababu ya betri mbili ndogo. Kama inaonyesha namba, ipandishe juu ya joto la chumba, tuseme 21, kisha usikilize kama boila inaitika.

Angalia saa ya boila. Umeme ukikatika, saa nyingine hurudi kwenye sifuri, na joto linakuja usiku wa manane badala ya asubuhi.

Angalia swichi ya umeme ya boila na fyuzi kwenye sanduku la umeme. Mwisho, soma kioo cha boila na upige picha ya herufi au namba zilizopo. Zinatofautiana kwa kampuni: kwa Vaillant, F22 ni maji kupungua na F28 ni moto kushindwa kuwaka, kwa Ideal nyingi, F1 ni presha ya chini na L2 ni mwali kupotea, kwa Worcester, EA ni boila kutoona mwali. Picha hiyo itamsaidia fundi aje na kifaa sahihi.

Kitufe cha kuwasha upya kibonyeze mara moja, mara mbili basi. Boila inayozima tena na tena inakataa kwa sababu.

7. Sindano ya presha imeshuka. Naweza kuongeza maji?

Ndiyo, kwa boila nyingi za kombi, zile zinazopasha nyumba na kutoa maji ya moto ya bomba bila tangi. Mfumo ukiwa umepoa, sindano inatakiwa isimame kati ya 1 na 1.5. Ikishuka sana chini ya hapo, boila nyingi hujizima.

Chini ya boila tafuta mpira mfupi uliosukwa kwa waya wa fedha, wenye valvu kila upande. Nyingine zina ufunguo wa plastiki badala ya mpira. Zima boila, fungua valvu polepole, utasikia maji yakikimbia. Sindano ikikaribia 1.5 funga zote mbili, uzikaze. Wengi husahau kufunga, presha ikapanda kupita 3 na maji yakaanza kumwagika kupitia bomba la nje.

Presha ikishuka tena ndani ya siku chache, kuna mahali panavuja. Usiendelee kuongeza kila asubuhi kama mtu anayepuliza tairi lenye msumari. Toa taarifa.

8. Boila inagugumia kama mtu anayekunywa maji kwa mrija, kisha inazima. Ni nini?

Kama nje kuna barafu, uwezekano mkubwa ni bomba la maji taka ya boila limeganda. Kwa furaha kubwa nakwambia hili mara nyingi unaweza kulimaliza mwenyewe bila senti.

Tangu Aprili 2005, boila mpya za gesi zinazofungwa England zinatakiwa, isipokuwa kwa sababu maalumu, ziwe za aina inayogeuza mvuke wa moshi kuwa maji ili kuokoa joto. Maji hayo hutoka kidogo kidogo kupitia bomba jembamba la plastiki, na mara nyingi bomba hilo hupita nje ya ukuta. Usiku wa baridi kali maji huganda humo ndani, yakarudi nyuma, na boila ikajizima kujilinda.

Desemba 2022, ile wiki ya barafu, yangu iligugumia saa kumi na moja alfajiri. Nilitoka na tochi, soksi mbili mbili, nikafuata bomba jeupe kutoka nyuma ya boila hadi linapoingia kwenye shimo la maji. Kwenye kona ya mwisho, sentimita chache juu ya ardhi, plastiki ilikuwa na ukungu mweupe na ukiigonga kwa kucha inatoa sauti ya kitu kilichojaa. Nikajaza jagi maji ya moto ya kuogea, nikayamwaga taratibu kuanzia juu kidogo ya kona. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya tatu nikasikia kama kitu kimeteleza, kisha maji yakatiririka shimoni pamoja na kipande cha barafu chenye umbo la kidole. Nikarudi ndani, nikabonyeza kitufe, ikawaka.

Tumia maji ya moto unayoweza kuyavumilia mkononi, yasiwe yanayochemka, la sivyo plastiki itapasuka. Chupa ya mpira ya maji ya moto iliyofungwa pale kwenye kona nayo inasaidia. Maji yakimwagika njiani, tupa chumvi, kwa sababu yataganda na kuwa kioo cha kuangushia watu. Kama bomba liko juu mahali pa kupandia ngazi, mwachie fundi. Na baridi ikiisha, mwombe mwenye nyumba alivike sponji au aweke bomba nene zaidi, maana likiganda mwaka huu litaganda na mwakani.

9. Boila inafanya kazi lakini redieta moja (kile chuma cha ukutani kinachopitisha maji ya moto ya boila) ni baridi.

Ikiwa baridi juu na moto chini, ina hewa. Zima joto, subiri ipoe, shika kitambaa, fungua kidogo ile skrubu ya pembeni juu kwa ufunguo wake mdogo mpaka hewa iishe na maji yaanze kudondoka, kisha funga. Angalia presha baadaye (swali la 7). Ikiwa moto juu na baridi chini, kuna matope ndani, na hiyo ni kazi ya fundi. Ikiwa baridi yote, angalia kwanza kama kifundo chake chenye namba 0 hadi 5 kimefungwa.

10. Nyumba yangu haina gesi.

Fleti nyingi zina hita kubwa za ukutani zinazokula umeme wa bei nafuu usiku, zikahifadhi joto kwenye matofali yaliyomo ndani na kulitoa mchana. Zina vifundo viwili, kimoja cha kuingiza na kingine cha kutoa. Ukikuta zimepoa asubuhi, huenda cha kuingiza kiko chini, au mita haihami kwenda saa za bei nafuu. Mita za zamani zilizoongozwa kwa mawimbi ya redio zilianza kuzimiwa huduma hiyo kwa awamu tangu tarehe 30 Juni 2025, kwa hiyo kama yako haijabadilishwa, wapigie waliokuuzia umeme.

## Wakati unasubiri fundi

11. Ninunue hita gani, na itakula kiasi gani?

Yenye mafuta ndani, ile ya mapezi na magurudumu, ndiyo ninayoipendekeza. Haina waya mwekundu unaoonekana na haiunguzi nguo haraka. Hita ya kilowati 2 hula uniti mbili kwa saa. Ukilipa peni 27 kwa uniti, saa tano ni paundi 2.70. Uniti ya umeme ni ghali karibu mara nne ya gesi, kwa hiyo usijaribu kupasha nyumba nzima. Chagueni chumba kimoja, fungeni mlango, tandikeni blanketi chini ya mlango, laleni wote humo. Blanketi la umeme la kitandani hula kidogo sana: wati 100 kwa saa nane ni chini ya uniti moja.

Chomeka hita moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Ekstensheni yenye hita na birika pamoja inayeyuka. Acha mita moja kati ya hita na mapazia, na usianike nguo juu yake. Tunza risiti na andika usomaji wa mita ya siku boila ilipozima na siku ilipopona, kwa sababu unaweza kumdai mwenye nyumba tofauti hiyo.

12. Nina mtoto mchanga, na mama yangu mzee anaishi nasi.

Hao ndio wa kutajwa kwanza unapopiga simu, kabla hata ya kueleza tatizo la boila. Ukisema kuna mtoto wa miezi mitatu au mtu wa miaka 78 mwenye pumu, mara nyingi unapandishwa kwenye foleni.

Chumba cha mtoto kinatakiwa kiwe kati ya nyuzi 16 na 20. Mvike nguo nyepesi kadhaa, lakini usimlaze na kofia ndani ya nyumba, usimrundikie mablanketi, na usiweke chupa ya maji ya moto kitandani mwake. Bibi zetu watabisha kuhusu kofia. Waelezwe kwa upole: mtoto mchanga hupunguza joto kwa kichwa, na akizidiwa na joto ni hatari pia. Kwa wazee, jitahidi chumba kisishuke chini ya 18.

Mtoto akiwa baridi ukimgusa, kimya kupita kawaida, mlegevu na anakataa kunyonya, au mzee akiacha kutetemeka huku anaongea kama aliyelewa, piga 999. Joto la mwili likishuka chini ya 35 ni dharura. Ushauri usio wa dharura uko 111, na unaweza kuomba mkalimani wa Kiswahili.

13. Nimeambiwa mabomba yanaweza kupasuka. Kweli?

Kweli. Maji yakiganda yanatanuka, na barafu ikiyeyuka ndipo unaona uharibifu. Leo hii, kabla ya shida yoyote, tafuta valvu kuu ya maji, mara nyingi chini ya sinki la jikoni, na ujaribu kama inazunguka. Bomba likipasuka, ifunge, fungua bomba zote zimwage, na zima umeme kama maji yanakaribia taa au soketi, ilimradi usikanyage maji kuufikia.

## Nani atengeneze, na nani alipe

14. Nimepanga kwa mtu binafsi. Ni jukumu la nani?

La mwenye nyumba. Sheria ya mwaka 1985 ya Wenye Nyumba na Wapangaji, kifungu cha 11, inamtaka atunze mitambo ya kupasha nyumba na maji ya moto, na hawezi kukuhamishia jukumu hilo kwa mkataba. Gharama haikuhusu, isipokuwa umeiharibu mwenyewe. Pia anatakiwa mitambo ya gesi ikaguliwe kila mwaka na akupe karatasi ya ukaguzi.

Piga simu, kisha andika. Ujumbe wa WhatsApp au barua pepe unatosha: tarehe, saa, tatizo, picha ya kioo cha boila, picha ya kipimajoto, na nani anaishi humo. Sheria inasema atengeneze katika muda unaofaa. Kwa maoni yangu, nyumba isiyo na joto kabisa mwezi Januari ni suala la siku moja au mbili. Akikaa kimya, ipigie simu kaunsili, yaani serikali ya mtaa, uombe idara ya afya ya mazingira au ya nyumba za kupanga. Wana uwezo wa kuja kukagua na kumpa amri ya kutengeneza. Shelter, shirika la hisani la mambo ya makazi, nao wanashauri bure kwa 0808 800 4444.

Wakala mmoja aliwahi kuniambia kwa simu kwamba wapangaji niliokuwa nikiwasaidia "wamezoea joto la Afrika" ndiyo maana wanalalamika. Kipimajoto chumbani kilisoma 11. Nilimtumia picha kwa barua pepe, na kaunsili nakala, na fundi alifika siku iliyofuata. Picha ya kipimajoto haina lafudhi.

15. Nyumba ni ya kaunsili au ya shirika la nyumba.

Piga namba yao ya dharura ya matengenezo, na uandike namba ya kumbukumbu watakayokupa. Kwa wapangaji wa kudumu wa kaunsili, kanuni za mwaka 1994 zinasema kukosa joto kati ya 31 Oktoba na 1 Mei kutengenezwe ndani ya siku moja ya kazi.

Tangu 27 Oktoba 2025 kuna pia Sheria ya Awaab, iliyopewa jina la Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Desemba 2020 mjini Rochdale kwa sababu ya ukungu katika nyumba ya shirika. Baba na mama yake walikuwa wamelalamika na hawakusikilizwa. Chini ya sheria hiyo, hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, na boila mbovu imetajwa katika mwongozo wa serikali kama mfano. Wakishindwa, lalamika rasmi kwao, kisha kwa Housing Ombudsman, ofisi huru inayosikiliza malalamiko ya wapangaji.

16. Nisimamishe kodi mpaka watengeneze?

Usifanye. Najua inauma kulipia nyumba ya baridi. Lakini deni la kodi linampa mwenye nyumba sababu ya kukupeleka mahakamani, na kesi yako nzuri inageuka kuwa mbaya. Endelea kulipa, dai fidia kwa njia nyingine, na pata ushauri wa Shelter au Citizens Advice.

17. Nyumba ni yangu. Nitampataje fundi wa kuaminika?

Anayegusa gesi lazima awe kwenye orodha ya Gas Safe Register, iliyochukua nafasi ya orodha ya CORGI tarehe 1 Aprili 2009. Mwombe kadi yake mlangoni. Mbele kuna picha, namba na tarehe ya kuisha. Geuza nyuma uone kama boila imo kwenye kazi anazoruhusiwa. Fundi mzuri haoni aibu kuulizwa. Angalia kwanza kama boila bado ina dhamana: nyingi ni miaka mitano au zaidi, lakini inakufa kama hukuifanyia huduma ya kila mwaka.

18. Kuna kaka wa kwetu anajua boila, anachukua paundi 50. Vipi?

Kama ana kadi, mpe kazi na umlipe vizuri. Kama hana, hata akiwa shemeji yako, hapana. Ni kosa kisheria, bima inaweza kukataa kulipa, na kosa dogo kwenye bomba la moshi linaturudisha swali la 4. Anaweza kukusaidia redieta na presha. Hizo hazihitaji kadi.

19. Kuna msaada wa pesa?

Upo. Warm Home Discount ni paundi 150 kwenye bili ya umeme kwa wanaostahili. Cold Weather Payment ni paundi 25 kwa kila siku saba mfululizo za sifuri au chini, kati ya 1 Novemba na 31 Machi, kwa wenye posho fulani. Scotland ina utaratibu wake. Kama mita imekauka, Citizens Advice au benki ya chakula inaweza kukupatia vocha. Jisajili pia bure kwenye Priority Services Register, orodha ya wateja wa umeme na gesi wanaohitaji msaada zaidi, kama una mtoto mdogo, mzee au mgonjwa.

Kama viza yako inakataza fedha za umma, usijaze fomu ya posho kabla ya kuuliza mshauri.

## Hali za pekee

20. Niko kwenye nyumba ya waomba hifadhi. Nimpigie nani?

Migrant Help, 0808 8010 503, bure, saa 24. Sema lugha yako ni Kiswahili, subiri mkalimani. Omba namba ya kumbukumbu na uandike tarehe. Usipopata jibu, piga tena. Kila simu inaandikwa.

21. Naogopa kulalamika, makaratasi yangu hayajakamilika.

Jukumu la mwenye nyumba kutengeneza boila halitegemei viza yako. Namba ya dharura ya gesi haiulizi uraia. Kama hofu yako ni kaunsili, zungumza kwanza na Shelter au mshauri wa uhamiaji, bila kutaja jina ukitaka. Kwa vyovyote, usiache hofu ikulaze na jiko la makaa.

22. Nimepanga chumba na themostati iko chumbani kwa mwenye nyumba.

Boila ikiwa nzima lakini joto linafungwa, bado ni tatizo la nyumba baridi, na kaunsili inaweza kukagua. Weka kipimajoto na uandike namba asubuhi na jioni kwa wiki moja. Ukiishi naye nyumba moja kama mgeni wa kulipa, ulinzi wako ni mdogo, kwa hiyo jaribu kwanza kuongea naye kwa heshima ukiwa na hizo namba mkononi.

23. Nasafiri nyumbani Desemba kwa wiki nne. Nizime boila kabisa?

Usizime. Iache kwenye nyuzi 12 hivi, au kwenye alama ya theluji kama themostati inayo, ili mabomba yasigande. Jaza mita ya kutosha wiki zote nne kama unalipia kabla. Soma bima yako, maana nyingine zina masharti kuhusu joto nyumba ikiwa tupu wakati wa baridi. Acha mlango wa dari wazi kidogo ili joto lifike kwenye tangi kama unalo. Na mwachie jirani ufunguo, umwonyeshe valvu kuu ya maji kwa mkono wake, aizungushe mwenyewe mara moja kabla hujapanda ndege.